Kesi ya 5Pointz: ukuta ni wa mwenye jengo, na mchoro je?

Ikitajwa kesi ya 5Pointz, lile jengo la New York lililojaa michoro ya grafiti mpaka mwenyewe akaifuta, watu wanakumbuka namba moja tu, dola 6,750,000. Wachoraji wa grafiti wamemshinda tajiri mahakamani, imeisha hiyo, tunyanyue glasi. Mimi nadhani hiyo namba imewaficha watu mengi, maana ukiifuata kesi kuanzia mwanzo utakuta wale wachoraji walishindwa kwanza, tena walishindwa kwenye kile walichokuwa wanakitaka kuliko hela, yaani kuta zibaki zimesimama. Hela ilikuja zaidi ya miaka minne baadaye, na ilikuja kwa kiwango kile kwa sababu mwenye jengo alishindwa kutulia. Sio maneno yangu haya, jaji mwenyewe aliandika kwamba kama sio jeuri ya yule mzee fidia ile isingetolewa.

Sasa twende taratibu.

Jengo lilikuwa Long Island City, mtaa wa Queens, New York, kiwanda cha zamani cha mita za maji ambacho uzalishaji ulishaisha kitambo. Mmiliki alikuwa mfanyabiashara wa majengo anaitwa Jerry Wolkoff, alilinunua miaka ya mwanzo ya 1970. Treni namba 7 inapita juu kwenye reli ya nguzo, karibu kabisa, kwa hiyo abiria walikuwa wanaliona jengo zima kama wako sinema. Miaka ya mwanzo ya 1990 mzee akakubali vijana wachore kuta zake chini ya mpango ulioitwa Phun Phactory, na mwaka 2002 usimamizi ukashikwa na mchoraji Jonathan Cohen, ambaye kwenye grafiti anajulikana kama Meres One, na ndipo jina la 5Pointz likakua. Masharti ya mzee yalikuwa mepesi tu: msichore siasa, msichore dini, msichore mambo ya uchi. Basi. Hakuna mkataba, hakuna karatasi, hakuna kodi ya ukuta, ni maneno ya mdomo na kuaminiana.

Meres alifanya kitu ambacho watu wengi wanakipita bila kukiangalia wakati ndicho kilichokuja kubeba kesi nzima. Ukitaka ukuta huji tu na makopo yako ya spreyi, unamuonyesha kwanza kazi zako, yeye anaamua upate ukuta gani na ukae muda gani. Kuna kuta za kupokezana, leo umechora wewe kesho kutwa anakuja mwingine anachora juu yako na hakuna wa kulalamika maana ndio utaratibu, alafu kuna kuta za heshima, zile zinazoangalia treni na za ndani ya uwanja, hizo kazi ilikaa miaka. Wachoraji walikuja kutoka nje ya Marekani kabisa. Shule zilileta wanafunzi, watalii walikuja kwa mabasi, video za muziki zilipigwa pale. Na kwa kuwa jengo lilikuwa na watu muda wote, eneo ambalo zamani lilikuwa la kuogopwa usiku likachangamka, na ardhi ikapanda bei. Ndio hivyo, wachoraji wenyewe walichangia kupandisha thamani ya kiwanja kilichokuja kuwafukuza.

Mwaka 2013 Wolkoff akapata ruhusa ya jiji kujenga minara miwili ya makazi pale. Kwenye hukumu imeandikwa kwamba ile ruhusa ilipandisha thamani ya eneo kutoka kama dola milioni 40 hadi milioni 200. Kwa hiyo tuelewane, hakuna mtu mwenye akili alitegemea mzee ataacha milioni 160 kwa ajili ya michoro. Na hakuwa amewadanganya, siku zote alisema ipo siku atabomoa, wachoraji wenyewe walikiri hilo mahakamani.

Swali ni je, kuna sheria inayomgusa? Ipo, na hapa inabidi nieleze kidogo. Haki ya msanii ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hela: kunakili, kuuza, kuchapisha kwenye fulana na kadhalika. Hilo unaweza kuliuza lote likaisha. Fungu la pili ni haki za kimaadili, yaani jina lako liendelee kutajwa kwenye kazi yako na watu wasiiharibu kwa namna inayokuvunjia heshima, hizi zinabaki na wewe hata kama kazi umeshaiuza. Ulaya walizijali tangu zamani, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unazitaja, lakini Marekani walikuwa wanazikwepa mpaka walipojiunga na Berne mwaka 1989, na mwaka uliofuata, 1990, bunge lao likapitisha sheria fupi kwa ajili ya kazi za sanaa za kuonekana, inaitwa VARA. Haigusi muziki wala vitabu wala filamu. Ni michoro, sanamu, picha chache za maonyesho, vitu vya namna hiyo. Matangazo na kazi ulizofanya kama mwajiriwa hazimo.

VARA inasema kama kazi yako ina hadhi inayotambulika, mtu haruhusiwi kuiangamiza makusudi au kwa uzembe mkubwa. Na kuhusu kazi zilizo kwenye majengo ina utaratibu wake. Kama kazi inaweza kuondolewa bila kuharibika, mwenye jengo anatakiwa akupe taarifa ya maandishi, alafu una siku 90 za kuja kuitoa mwenyewe au kulipia itolewe. Kama haiwezi kutolewa, mwenye jengo anapona ikiwa ulisaini karatasi kwamba unakubali kazi itaharibika jengo likiondoka. Bila hiyo karatasi, haki yako inaendelea kukaa palepale kwenye ukuta wa mtu. Na haki hiyo hudumu kwa kazi mpya hadi msanii anakufa.

Umeona hapo? Ule ukosefu wa mkataba ambao sisi huwa tunaulilia, safari hii ulimuumiza mwenye mali. Kukosekana karatasi kuliwaacha wachoraji na haki zao zote. Karatasi moja ya ukurasa mmoja, ambayo kila mchoraji angesaini huku anacheka ili apewe ukuta, ingemaliza kila kitu. Mzee hakuwa nayo kwa sababu hakuwahi kufikiria kwamba watu wanaochora bure kwenye kiwanda chake wana haki yoyote ya kuachia.

Oktoba 2013 wachoraji wakaenda mahakama ya shirikisho ya Brooklyn, kwa Jaji Frederic Block, wakiomba zuio. Akawapa zuio la siku chache, akasikiliza mashahidi mwanzoni mwa Novemba, na tarehe 12 Novemba akatoa amri fupi: zuio limekataliwa, sababu za maandishi zitafuata. Sababu zenyewe kwa ufupi ni kwamba jengo ni la mtu, ana vibali vya jiji, wachoraji walijua kuna siku litabomolewa, na kama itaonekana baadaye kwamba kuna kazi zilistahili kulindwa basi wanaweza kulipwa fedha. Jaji aliandika kwa masikitiko, unaona kabisa alikuwa anazipenda zile kuta, lakini kupenda hakumpi mamlaka ya kulifanya jengo la mtu kuwa kivutio cha utalii. Na ndani ya maandishi hayohayo akamuonya Wolkoff kwamba akiharibu anaweza kuja kudaiwa.

Tatizo ni kwamba hayo maandishi yalitoka tarehe 20 Novemba. Usiku wa kuamkia tarehe 19, Wolkoff alileta watu na rola na rangi nyeupe.

Hapo ndipo penyewe. Kati ya amri na maelezo ya amri kuna siku nane, na ndani ya siku nane hizo mtu akaamua kupaka nyeupe juu ya kila kitu, usiku, huku kuna ulinzi. Asubuhi wachoraji wanafika wanakuta jengo limepauka. Wengine walilia pale barabarani, watu wakaja na mishumaa kama msibani. Wolkoff alijieleza kwamba alifanya kwa huruma, kwamba bora maumivu ya mara moja kuliko wachoraji kusimama kuangalia tingatinga likila kuta moja baada ya nyingine, na kwamba aliogopa watu wangekuja kuzuia ubomoaji wakakamatwa. Inawezekana aliamini hivyo, sijui moyo wa mtu. Lakini vibali vya kubomoa hakuwa hata ameviomba. Aliviomba Machi 2014, miezi minne mbele. Kwa hiyo jengo likakaa miezi yote hiyo likiwa jeupe, na rangi yenyewe ilipakwa ya haraka, nyepesi, michoro inaonekana kwa chini kama kivuli, nusu ipo nusu haipo, na treni zinapita juu kila dakika chache abiria wanaangalia. Jaji hilo lilimkera sana. Alisema zile kuta zilizofunikwa vibaya zilibaki kuwakumbusha waliozichora kila siku yaliyotokea.

Na hesabu ya kisheria ni rahisi mno ukiiangalia. Angesubiri kwanza mpaka awe na vibali mkononi. Angetuma barua za siku 90, wachoraji wangepata nafasi ya kupiga picha vizuri, kushusha zile zilizokuwa kwenye mbao na paneli maana zilikuwepo zinazotoka, kuaga kazi zao, alafu jengo lingeenda. Nani angeweza kusema alifanya kwa makusudi mabaya? Jaji alisema waziwazi kwamba angefanya hivyo asingemkuta na kosa la kudhamiria. Na kudhamiria ndiko kunakopandisha bei: sheria yao inaruhusu fidia kuanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, ila ikithibitika ulidhamiria inaweza kufika 150,000.

Kesi ya fidia ikasikilizwa Oktoba na Novemba 2017, wiki tatu, mbele ya juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kusikiliza. Mwishoni pande zote zikakubali jaji ndiye aamue na juri watoe maoni tu. Wadai walikuwa wachoraji 21, kazi 49. Juri wakaona mwenye jengo ana kosa kwenye kazi 36. Jaji Block kwenye hukumu ya Februari 2018 akaenda mbele zaidi, akasema 45, na kila moja akaipa kiwango cha juu kabisa. Piga 45 mara 150,000 unaipata ile namba ya mwanzo.

Lakini subirini, hapa kwenye ushahidi ndipo nataka tukae kidogo maana ndipo mchoraji wa kawaida anaweza kuokota kitu.

Kwanza, wachoraji walijaribu kuthibitisha hasara halisi, yaani mchoro huu ukutani ulikuwa na thamani ya dola kadhaa sokoni. Wakashindwa. Jaji alisema thamani ya soko haikuthibitishwa kwa namna ya kuaminika, na ukifikiria ni kweli, nani ananunua ukuta wa kiwanda? Kwa hiyo senti moja haikutolewa kwa hasara halisi. Kilichowaokoa ni ile fidia ambayo sheria yenyewe imeshaiwekea viwango, kwamba huhitaji kuonyesha ulipoteza shilingi ngapi. Na kwa kesi za VARA wala hutakiwi kuwa umesajili kazi yako kwanza, tofauti na madai mengine ya hakimiliki kule. Nchi ambayo sheria yake haina fidia ya namna hii, msanii wa ukutani anaweza kushinda kesi akaondoka na pole tu.

Pili, hadhi inayotambulika inathibitishwaje? Jaji hawezi kusema nimeipenda, basi ina hadhi. Kila mdai alileta faili lake. Picha za kazi, wasifu wake, maonyesho aliyoshiriki, tuzo, makala za magazeti, kazi alizoitwa kuchora nchi nyingine, watu walivyoisambaza mitandaoni, barua pepe za kuulizia. Wakaletwa wataalamu wa sanaa, kila upande na wake. Mtaalamu wa upande wa mwenye jengo aliweka kipimo cha juu sana, kana kwamba kazi lazima iwe imeshaandikwa na maprofesa ndio ihesabike, na jaji akasema kwa kipimo hicho karibu hakuna kazi itakayolindwa isipokuwa za mabingwa wa makumbusho. Na juu ya yote lile chujio la Meres likawa ushahidi wenyewe: mtu mwenye jicho, anayeheshimiwa na wenzake, alikuwa anachagua nani achore wapi, kwa hiyo kupewa ukuta wa kudumu 5Pointz ilikuwa tayari ni kutambuliwa. Zile kazi nne zilizoanguka zilianguka hapohapo, hazikuwa na mlolongo wa kutosha wa watu wengine kuzitambua.

Sasa linganisha. Kwa makadirio yaliyotajwa kwenye kesi, kwa miaka yote zaidi ya kazi 10,000 zilipita kwenye zile kuta. Zilizolipwa ni 45. Nyingi zilikuwa zimeshachorwa juu yake, sawa, lakini usiku ule wa rola nyeupe kulikuwa na kazi nyingi sana zaidi ya 49, na wenye kazi hizo hawakuwa na faili, au hawakuwepo, au hawakuona faida ya kuhangaika na mawakili. Hii ndio sababu nasema namba ile inaficha. Wachoraji tunapenda kusema kazi inajieleza yenyewe. Mahakamani haikujieleza, ilikuwa imeshafunikwa na rangi, kilichoongea ni picha zenye tarehe.

Wolkoff akakata rufaa, na hoja yake nzito ilikuwa hii: grafiti ni kitu cha kupita, wachoraji wenyewe wanachorana juu kila siku, inakuwaje kitu cha muda kiwe na hadhi ya kulindwa? Kusema kweli ni hoja nzuri, ningekuwa wakili wake ningeisema. Mahakama ya rufaa, Februari 2020, ikajibu kwamba sheria haisemi popote kwamba kazi lazima iwe ya kudumu. Ikatoa mfano wa Christo na Jeanne-Claude, waliosimamisha mageti ya vitambaa vya rangi ya chungwa kwenye bustani ya Central Park mwaka 2005, yalikaa wiki mbili na kidogo tu na dunia nzima inayakumbuka. Muda sio kipimo cha hadhi. Na kuhusu kuchorana juu, wakasema wale walikuwa na utaratibu wao, msanii kumpisha msanii ndani ya sheria za pale ni jambo moja, mwenye jengo kufuta vyote usiku ni jambo lingine. Wakakumbusha pia kwamba Wolkoff alisema chini ya kiapo kuwa hata leo angefanya uamuzi uleule. Ushahidi wa namna hiyo mbele ya majaji ni kujichimbia shimo mwenyewe. Julai 2020 mzee akafariki, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri, mlango ukafungwa.

Mtu akiniambia basi grafiti zote Marekani sasa zinalindwa, hapana. Kuna kesi ya New York ya 1997 ambapo mahakama ilisema kazi iliyowekwa bila idhini kwenye mali ya mtu, na haiwezi kutolewa, haipati kinga ya VARA. Kwa hiyo yale maneno ya mdomo ya Wolkoff, "chora ila usichore siasa", ndiyo yaliyowaingiza wachoraji ndani ya sheria. Na tangu hukumu hii mawakili wa wenye majengo wameshaelewa somo lao, kabla hujapanda ngazi unaletewa karatasi ya kuachia haki.

Tuje kwetu sasa, maana kuta zinachorwa Nairobi, Dar, Mombasa, Zanzibar, kwenye hoteli, shule, baa, ofisi za mashirika. Kenya ilijiunga na Berne 1993, Tanzania 1994. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 ina kifungu cha 32, ya Tanzania Bara ya 1999 ina kifungu cha 11, zote zinampa msanii haki ya kutajwa jina na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa, kukatwakatwa, kubadilishwa au kufanyiwa jambo lingine la kuidhalilisha kwa namna inayoharibu heshima au sifa yake. Vizuri sana. Ila soma tena uone kisichokuwepo: hakuna kuangamiza. Hakuna siku 90. Hakuna hadhi inayotambulika. Mwenye baa akipaka nyeupe juu ya mchoro wako wote, atakuja kusema sijapotosha kitu, nimeondoa, kisichokuwepo hakiwezi kumharibia mtu jina.

Hoja hiyo inajibika, na jibu zuri zaidi ninalolijua halitoki Marekani, linatoka India. Amar Nath Sehgal, mchongaji, alitengeneza sanamu kubwa ya ukutani ya shaba kwenye ukumbi wa serikali wa Vigyan Bhavan pale Delhi, kazi ya kuagizwa na serikali na kulipwa na serikali. Mwaka 1979 wakati wa ukarabati ikang'olewa vipandevipande ikatupwa stoo bila kumwambia. Alifungua kesi, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Delhi ikasema kuangamiza ndio ukataji wa kiwango cha mwisho kabisa, kwa sababu unapunguza jumla ya kazi za msanii, na jumla hiyo ndiyo sifa yake. Akapewa rupia 500,000 na mabaki yakarudishwa kwake. India, Kenya na Tanzania zote zimerithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, na maneno ya vifungu vyetu yanafanana na yao kwa kuwa yote yametoka Berne. Hukumu ya Delhi haimfungi jaji wa Nairobi wala wa Dar, lakini wakili anaweza kuiweka mezani na jaji akaisoma kwa makini. Ningependa kuiona siku hiyo.

Jambo lingine kwa wa Kenya hasa: ukiagizwa kazi na ukalipwa, kifungu cha 31 kinahesabu kwamba hakimiliki, lile fungu la hela, limeenda kwa aliyekuagiza isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Watu wengi hawajui, wanakuja kushtuka mchoro wao umewekwa kwenye tangazo. Lakini zile za kimaadili haziendi nayo, jina lako na heshima ya kazi vinabaki vyako. Kwa hiyo hata kama ulilipwa na mteja akasema nilinunua, bado kuna kitu hajakinunua.

Kwa vitendo, mimi nisingesubiri bunge. Siku 90 za Marekani ziliandikwa na wabunge, lakini hakuna kinachokuzuia kuziandika mwenyewe kwenye makubaliano yako na mteja, hata kama makubaliano yenyewe ni meseji ya WhatsApp ambayo ameijibu "sawa". Andika kazi ni ipi, ukuta upi, jina lako litakuwa wapi, na kwamba akitaka kuifuta au kuibadilisha atakujulisha kwa maandishi siku 30 kabla ili upige picha au uitoe kama inatoka. Mteja wa kawaida hakatai hili maana halimgharimu kitu, na ukiangalia vizuri linamlinda hata yeye, ndilo hasa lililokosekana kwa Wolkoff. Ukimaliza kuchora piga picha mchana, za karibu na za mbali, jina la jengo lionekane, ziweke mahali ambapo simu ikiibiwa hazipotei. Gazeti likiandika hifadhi nakala. Watu wakipiga picha mbele ya ukuta wako na kuposti hifadhi hizo pia, hiyo ndiyo hadhi inayotambulika ikiwa inazaliwa, hata kama sheria yetu haijaipa jina.

Na akikuletea karatasi ya kuachia haki? Isome inataja kazi gani, inaachia nini. Mtu anayetaka uachie haki ya kutajwa jina na haki ya kutoharibiwa kwa kazi zote utakazomfanyia sasa na baadaye anataka mambo makubwa mno. Anayetaka tu uhuru wa kubomoa ukuta wake huo mmoja siku akijenga ghorofa, huyo ana hoja, na mimi ningesaini. Ila bei ya ukuta unaofutika bila taarifa ningeiweka tofauti kwenye invoisi, mstari wake wenyewe, aione.